Dizeli ya Njia na Dizeli ya Nyumba

Mwulize mtu aliyeng'oa viti vya Coaster akaweka kitanda, jiko na tangi la maji: gari lako linakulaje mafuta? Atakujibu kwa namba moja. "Saba." Au, "Sita na nusu." Yaani kilometa kwa kila lita. Jibu hilo linamtosha dereva wa abiria, ambaye injini yake ikinguruma ujue yuko safarini. Mwenye basi la kuishi halimtoshi, kwa sababu tenki lake lina mabwana wawili. Barabara inadai dizeli ya kupandisha tani 5 mlima wa Kitonga. Nyumba nayo inadai yake: ya kiyoyozi joto la Bagamoyo likizidi, ya kuchaji betri baada ya siku mbili za mawingu, na ya jenereta kama inanyonya kwenye tenki hilohilo. Asiyetenganisha madai hayo mawili ataishia kumwita fundi afungue nozeli kwa kosa la friji.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hatutafuti namba ya kujivunia mbele ya wenzako. Tunatafuta namba tatu: gari linakula kiasi gani likitembea, linakula kiasi gani likiwa limesimama huku injini ikifanya kazi, na katika hali mbaya kabisa linafika wapi kabla ya kukauka.

Andika lita, siyo shilingi

Kwenye sheli tumezoea kununua kwa fedha: "Niwekee ya hamsini." Mwenye daftari aache mazoea hayo, au angalau asiyaandike hivyo, maana shilingi haipimi injini. Tanzania, mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutangaza bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hizo hutofautiana mji kwa mji kwa kuwa mafuta huteremshwa kwenye bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara ndipo yasafirishwe bara. Kwa hiyo dizeli ya elfu hamsini ya Dar si lita zilezile za elfu hamsini ya Kigoma. Kenya nako mamlaka yao, EPRA, hubadili bei katikati ya kila mwezi. Ukifuata fedha peke yake, bei ikipanda utadhani gari limeharibika, na ikishuka utadhani limepona.

Lita zipo kwenye kioo cha pampu na kwenye risiti. Risiti idai, lakini usiifanye ndiyo daftari. Karatasi yake hufifia upesi ikikaa juu ya dashibodi penye jua. Nunua kauntabuku ndogo, uchore safu hizi: tarehe, mahali, kilometa za kwenye dashibodi, lita, fedha, tenki limejaa au halikujaa, saa ambazo injini ilinguruma gari likiwa limesimama, na safu pana ya maelezo. Kwenye maelezo andika lolote litakalokukumbusha hali ya njia: milima, tope, mvua, mlikuwa wangapi, tangi la maji lilikuwa limejaa au tupu. Anayependa programu ya simu aitumie, ila kwanza ahakikishe ina mahali pa kuandika saa za kusimama. Bila safu hiyo, hesabu yote inarudi kuwa ya daladala.

Jaza mpaka pampu ikate

Geji ya dashibodi imewekwa ili kukuonya. Kwa kupimia haifai: boya lake linacheza gari likiinama, na tenki lenyewe halina umbo la ndoo, hivyo robo ya juu na robo ya chini si lazima ziwe na lita sawa. Kipimo cha uhakika ni kujaza tenki, kutembea, kisha kulijaza tena. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika.

Ugumu uko kwenye neno "kujaza". Dizeli hutoa povu, na ikimiminwa kwa kasi pampu hukata wakati bado kuna nafasi ya lita kadhaa. Mwombe muuzaji amimine polepole, pampu ikikata asubiri povu lishuke, amalizie mpaka ikate mara ya pili, basi. Fanya hivyohivyo kila mara. Simamisha gari mahali tambarare, na ukiwa karibu na nyumbani tumia sheli ileile na pampu ileile. Usishindilie mpaka mdomoni, kwani dizeli hutanuka kwa takriban asilimia 0.8 joto lake likipanda nyuzi 10. Tenki la lita 95 likipigwa na jua la mchana litatafuta pa kutemea karibu lita nzima.

Hata ukiwa mwangalifu, makosa ya lita moja au mbili hayakosekani. Lita 2 ndani ya ujazo wa lita 20 ni kosa la asilimia 10, na namba hiyo haifai kitu. Lita hizohizo 2 ndani ya lita 80 ni asilimia 2.5, kosa linalovumilika. Kwa hiyo usifunge hesabu kila unapoongeza kidogo. Andika kila tone linaloingia, pamoja na dumu ulilomimina porini, na uandike pia kila tone ulilotoa kwa ajili ya jenereta au kumsaidia dereva mwenzako. Hesabu yenyewe ifunge siku tenki likijaa baada ya kupungua vya kutosha.

Ukifika kwenye kugawanya, pendelea lita kwa kila kilometa 100 kuliko kilometa kwa lita. Inakuonyesha akiba halisi: gari likitoka kilometa 4 kwa lita hadi 5, umeokoa lita 5 katika kila kilometa 100, likitoka 8 hadi 9, umeokoa lita 1.4 tu, ingawa kwa macho hatua zote mbili ni za kilometa moja. Ukitaka wastani wa safari nzima, usijumlishe majibu ya kila tenki. Tenki la kwanza likikupa kilometa 400 kwa lita 50, na la pili kilometa 100 kwa lita 25, majibu ni 8 na 4, lakini wastani si 6. Jumlisha kilometa zote, 500, ugawe kwa lita zote, 75. Unapata 6.7.

Tahadhari moja kwa wanaojifunza kupitia video za Marekani, ambako mabasi ya zamani ya shule hugeuzwa nyumba kwa wingi. Wao huhesabu maili kwa galoni, na galoni yao ni lita 3.785. Maili 10 kwa galoni ya Marekani ni kilometa 4.25 kwa lita. Mwingereza akisema maili 10 hizohizo, galoni yake ni lita 4.546, kwa hiyo ni kilometa 3.54 tu. Usijipime na mtu kabla hujajua anatumia galoni ya nani.

Je, kilometa zako ni za kweli?

Lita ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni umbali. Dashibodi haioni barabara, inahesabu mizunguko ya magurudumu. Watu wengi wakishalipakia basi vitu vya nyumba hutoa matairi ya 7.00-16 na kuweka ya 7.50-16 ili wapate kimo na nguvu ya kubeba. Tairi hilo ni kubwa zaidi kwa asilimia 3 hadi 4, na kila mzunguko unakwenda mbali zaidi ya dashibodi inavyodhani. Gari litaonekana limeanza kula zaidi ilhali halikubadilika chochote.

Dawa yake ni rahisi. Chukua simu yenye kupima umbali kwa satelaiti, au fuata nguzo za kilometa za barabara kuu, utembee kama kilometa 50 kwenye njia isiyo na kona nyingi. Dashibodi ikisema 50 na simu ikisema 52, kila umbali wa dashibodi uzidishe kwa 1.04. Iandike namba hiyo ndani ya jalada la daftari, na urudie kipimo kila ukibadilisha ukubwa wa tairi.

Tenganisha dizeli ya nyumba

Sasa tufike kwenye safu ya saa za kusimama. Kama injini imefungwa mita yake ya saa, vizuri. Kama hakuna, tazama saa yako kila unapowasha na kuzima ukiwa kambini. Pia kuna foleni: dakika arobaini za kusogea hatua kwa hatua Mbagala nazo ni dizeli isiyonunua umbali, ingawa hizo si rahisi kuzipima na ni bora uziandike kwenye maelezo.

Ili kujua injini inakula lita ngapi kwa saa ikiwa imesimama, usijaribu kwa saa moja au mbili. Kosa la pampu litameza jibu lote. Jaribu mkikaa kambini siku kadhaa. Jaza tenki kwenye sheli iliyo karibu na kambi, ingia, ishi kama kawaida huku ukiandika saa zote za injini, kisha rudi ujaze pampu ileile. Ondoa lita za kwenda na kurudi sheli, zilizobaki gawa kwa saa. Fanya mara mbili: mara moja kiyoyozi kikiwa kimezimwa, mara moja kikiwa kimewashwa.

Tuseme jibu lako ni lita 1.5 kwa saa na kiyoyozi kimewashwa. Umetoka Dar tenki limejaa. Morogoro umelala, injini ikanguruma saa 7 kwa ajili ya ubaridi, asubuhi ukaongeza lita 30 bila kujaza. Iringa ukajaza, zikaingia lita 52. Umbali wa kweli ni kilometa 500. Jumla ni lita 82, na kwa hesabu ya haraka gari limekwenda kilometa 6.1 kwa lita. Hapo wengi huanza kulalamika. Toa lita 10.5 za usiku wa Morogoro. Zinabaki 71.5, sawa na lita 14.3 kwa kilometa 100, karibu kilometa 7 kwa lita. Gari ni zima. Kilichokula ni usingizi.

Ukishaiona namba hiyo, maamuzi ya nyumba yanakuwa mepesi. Kuwasha injini yenye ujazo wa lita 4.2 ili kuchaji betri ni njia ghali kuliko zote za kupata umeme. Paneli ya sola ya wati 200 kwenye jua letu inaweza kukupa karibu uniti 0.8 kwa siku ya jua zuri, na hailambi dizeli. Jenereta nayo ipe tenki lake yenyewe, angalau mpaka uijue tabia yake. Kuna sababu nyingine, kubwa kuliko fedha, ya kupunguza saa hizo: moshi. Sakafu ya basi lililogeuzwa nyumba ina matundu ya mabomba na nyaya, na bomba la moshi lililotoboka linaweza kuingiza ndani kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Usilale injini ikinguruma kabla fundi hajakagua bomba lote na kuziba kila tundu, na king'ora cha gesi hiyo kiwekwe karibu na kitanda.

Linganisha vinavyolingana

Namba ya njia ukishaipata, usiifanye amri. Inabadilika kwa mlima, uzito, kasi na upepo, na kila kimoja kina hesabu yake.

Mlima kwanza. Dar iko usawa wa bahari, Iringa mjini iko juu ya mita 1,500. Kuinua tani 5 kimo hicho kunameza takriban lita 6 za dizeli, mbali na zile za kusukuma gari mbele. Katika safari yetu ya lita 71.5, hizo ni asilimia 8. Ukirudi Dar utarejeshewa sehemu tu, kwa sababu nyingine huishia kuwa joto kwenye breki. Kwa hiyo usihukumu gari kwa upande mmoja wa njia hiyo, wala wa Mombasa na Nairobi. Hukumu kwa kwenda na kurudi. Na ukishuka, acha gari kwenye gia nzito. Wapo wanaotoa gia ili kubana mafuta; wanajidanganya na kujihatarisha. Injini isiyo na gia huhitaji dizeli ya kuendelea kunguruma, ilhali iliyo kwenye gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, huzungushwa na magurudumu na pampu yake hukata mafuta karibu yote.

Uzito haukisiwi. Magari ya tani 3.5 na zaidi hutakiwa kupita mizani katika barabara kuu zetu, na basi lenye kitanda, jiko na maji hufika huko bila shida. Badala ya kuiona mizani ya Vigwaza au Mikese kama usumbufu, andika uzito uliosomwa. Lita 200 za maji ni kilo 200. Betri nne kubwa za asidi zinaweza kuongeza kilo 200 nyingine. Nyumba ya magurudumu hukusanya vitu kama nyumba nyingine yoyote, na daftari lenye uzito wa mwaka jana na wa mwaka huu litakuambia kwa nini lita zimeongezeka taratibu bila ubovu wowote.

Kasi ndiyo unayoitawala mwenyewe. Basi lina uso mpana, na nguvu ya hewa inayolizuia hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilometa 80 kwa saa hadi 100, kizuizi hicho huongezeka kwa asilimia 56. Keria ya juu, paneli zilizoinuliwa na turubai lililofungwa ubavuni huongeza balaa. Upepo wenyewe nao una upande. Anayetoka Lindi kwenda Dar wakati wa kusi anasukumwa mgongoni. Akirudi anagongana nayo. Andika upepo, usije ukausifu au kuulaumu mguu wako bure.

Ukitaka kujua kama jambo fulani linasaidia, liwe upepo wa matairi, keria kuondolewa au kasi ya 75, badilisha hilo moja tu na ulipe matenki matatu kwenye njia ileile. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua lipi la kushukuru. Na yeyote anayekuuzia dawa ya kumimina kwenye tenki au kidude cha kubana mafuta, mpitishe kwenye daftari hilohilo kabla hujamwamini.

Namba ikipanda

Kupanda kwa ghafla na kupanda kwa taratibu ni magonjwa mawili. Lita za kila kilometa 100 zikiruka kutoka 14 hadi 18 ndani ya tenki moja, anza na vitu vya kawaida: njia ilikuwaje, ulijaza sawasawa, kuna dizeli inayovuja kwenye mipira ya kurudisha mafuta? Halafu breki. Baada ya kutembea tambarare bila kukanyaga breki sana, simama na usogeze mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likitoa joto kupita wenzake, breki inashika au beringi imechoka. Angalia pia ulinunua wapi. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ina nguvu pungufu kwa kila lita na huumiza pampu, hivyo kituo kinachokupa matenki mabaya mfululizo kiache.

Kupanda taratibu kwa miezi huelekeza kwenye chujio la hewa lililojaa vumbi, upepo wa matairi uliopungua, nozeli zilizochoka au mzigo uliokua. Moshi mweusi unapopanda mlima ni ushahidi kwamba injini inakosa hewa au inapata dizeli ambayo haiwezi kuichoma yote. Muulize fundi pia kuhusu thamostati. Ni jambo la kawaida kwetu gari likichemsha thamostati ikang'olewa na isirudishwe, hasa kwenye magari yaliyochoka kubeba abiria. Injini hiyo haichemshi tena, lakini haifikii joto lake la kazi, hasa asubuhi za Njombe na Mbeya, na injini baridi hula zaidi na kuchakaa mapema. Rejeta izibuliwe, thamostati irudi.

Ukienda kwa fundi, nenda na daftari. "Gari linakula mafuta" ni malalamiko. "Lilikuwa 14 njia ya Iringa kwenda na kurudi, sasa ni 17, uzito uleule, saa za kusimama nimeshazitoa" ni maelezo ya kazi. Fundi mzuri atafurahi, na asiye mzuri atajua huwezi kubadilishiwa nozeli nzima ukakaa kimya.

Pangia safari kwa tenki baya

Kwa bajeti ya mwezi tumia wastani: kilometa unazotarajia zidisha kwa lita za njia za kila kilometa 100, ugawe kwa 100, ongeza saa za nyumba zidisha kwa lita zake, kisha jumla izidishe kwa bei ya mwezi huo. Hapo ndipo shilingi inaporuhusiwa kuingia.

Kwa safari ya mbali na sheli, mfano kuzunguka Katavi, wastani ni hatari. Tafuta kwenye daftari tenki baya kuliko yote lililopita kwenye njia mbovu, upangie hilo. Tuseme tenki lako ni la lita 95. Zuia 15 za chini, kwa sababu huko ndiko uchafu unakotuama, na injini ya dizeli ikivuta hewa haiwaki mpaka hewa itolewe kwenye mfumo, kazi isiyopendeza porini. Zimebaki 80. Siku tatu za kambi kwa lita 4 kila siku zinachukua 12. Zimebaki 68 za njia. Kwa wastani wako wa lita 15 kwa kilometa 100 ungefika kilometa 453, na safari ya kilometa 400 ingeonekana salama. Kwa tenki baya la lita 18 utafika 377. Beba dumu la lita 20, na uliandike daftarini kabla hujalimimina.